Kugawa Nusu kwa Nusu: Historia ya Kuwinda Hitilafu katika Programu, na Maneno Yaliyotumika

UTANGULIZI

Tuseme ofisi moja ina kanuni zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na kwamba katika muda wa miaka kadhaa kanuni hizo zimepigwa chapa upya hata kufikia nakala ya 64, kila mara kukiwa na sahihisho hapa na nyongeza pale. Siku moja mwananchi analeta nakala ya karibuni kabisa, naye anaonyesha kifungu kisemacho kwamba mwombaji asiye na cheti "ataruhusiwa" kuendelea. Nakala ya kwanza yasema "hataruhusiwa". Herufi moja imeanguka njiani, na maana imepinduka. Kuirudisha herufi hiyo ni kazi ya dakika moja. Lililo gumu ni kujua ilianguka katika nakala ipi, kwani bila ya kujua hilo haiwezekani kujua ni waombaji gani waliohukumiwa kwa kanuni sahihi na ni wepi waliohukumiwa kwa kanuni potofu.

Karani mwenye subira ataanza na nakala ya pili, kisha ya tatu, kisha ya nne. Karani mwenye maarifa atafungua nakala ya 32. Akikuta herufi ipo, atajua kwamba nakala zote za nyuma hazina haja ya kutazamwa. Akikuta haipo, ataziacha zote za mbele. Nusu ya kazi imekwisha kwa kufungua nakala moja. Kisha atagawa nusu iliyobaki, na nusu ya nusu hiyo, na hatafungua zaidi ya nakala sita kabla ya kuipata nakala yenye kosa.

Waandishi wa programu za kompyuta wanayo kazi ya namna hii hii, nao wameipatia chombo maalumu kilichomo ndani ya mifumo yao ya kudhibiti matoleo. Katika makala haya tutaeleza chombo hicho kilitoka wapi na kilitengenezwa upya vipi mwaka baada ya mwaka. Tunaandika habari hii katika jarida la istilahi kwa sababu sehemu kubwa ya matengenezo hayo haikuwa ya hesabu. Hesabu yake ilijulikana zamani. Yaliyotaabisha watu ni maneno: mtu amjibu nini mashine anapoulizwa? Kwa kuwa watafsiri wetu sasa wanatakiwa kuyapa maneno hayo sura ya Kiswahili, yafaa tujue wenzetu walijikwaa wapi.

NENO LA MDUDU

Waandishi wa programu wanaosema Kiingereza huita kosa lililojificha katika programu kwa neno lenye maana ya "mdudu". Wengi hupenda kusimulia kwamba neno hilo lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, wakati mafundi wa kompyuta iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walipomkuta nondo amenasa ndani ya mtambo, wakambandika katika daftari lao la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa hata leo katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Lakini yeyote asomaye maneno waliyoyaandika chini ya nondo huyo ataona kwamba wanafanya mzaha: wanasema kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mdudu halisi kuonekana. Mzaha huo usingekuwa na ladha kama neno halingekuwa linatumika tayari kwa maana ya kosa. Na kwa hakika Thomas Edison alilitumia kwa maana hiyo katika barua yake ya mwaka 1878, karibu miaka 70 kabla ya nondo wa Harvard.

Je, na sisi tuseme "mdudu"? Baadhi ya watafsiri wamefanya hivyo, na hatuwezi kusema kwamba picha yenyewe ni ngeni kwetu, maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hata hivyo, Kiswahili kina maneno matatu yaliyo tayari, nayo hayalingani. "Dosari" ni waa linaloharibu sura ya kitu. "Kasoro" ni upungufu, kama tusemavyo saa mbili kasorobo. "Hitilafu", ambalo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya kutofautiana. Kosa la programu si lazima liwe upungufu, wala si lazima lionekane kwa macho. Ni tofauti baina ya kile mashine ilichofanya na kile mtu alichotarajia. Kwa hiyo katika makala haya tutatumia "hitilafu".

Hitilafu zenyewe ni za namna mbili. Iko iliyokuwamo tangu siku ya kwanza, na iko iliyoingia baadaye, katika programu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri. Hii ya pili tutaiita "hitilafu ya kurudi nyuma", kwa kuwa programu iliyokuwa imefika mahali inarudi ilikotoka. Ndiyo inayowakasirisha watumiaji kuliko zote, kwani hakuna avumiliaye kunyang'anywa leo kile alichokuwa nacho jana. Lakini ina jambo moja la heri: ina tarehe ya kuzaliwa. Palikuwa na toleo ambalo halikuwa nayo, na lipo toleo lililo nayo; basi kati ya hayo mawili kuna badiliko moja lililoileta.

ASILI YA KUGAWA NUSU

Njia ya kutafuta kwa kugawa nusu si mali ya waandishi wa programu. Kila mtu aliyewahi kutafuta neno katika kamusi ameifanya bila ya kufundishwa. Katika elimu ya kompyuta, njia hiyo ilitajwa na John Mauchly, mmoja wa waliounda kompyuta ya ENIAC, katika mihadhara iliyotolewa Philadelphia mwaka 1946. Donald Knuth, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa cha elimu hiyo, iliyotoka mwaka 1973, alionyesha kwamba hata hivyo ilipita miaka 14 kabla ya kuchapishwa kanuni iliyofaa kwa orodha yenye idadi yoyote ya vitu. Kanuni hiyo ilikuwa ya Derrick Lehmer, mwaka 1960. Jambo linaloonekana dogo machoni laweza kuwa na miiba mtu atakapotaka kulieleza kwa ukamilifu.

Nguvu ya njia hii ni kwamba kazi haiongezeki kwa kadiri vitu vinavyoongezeka. Mabadiliko 1,000 yahitaji majaribio yapatayo 10. Mabadiliko 1,000,000 yahitaji 20 tu.

Lakini njia yenyewe ina sharti lake. Ni lazima jambo linalotafutwa, likishaingia, libaki. Turudi kwa karani wetu: ikiwa herufi iliyoanguka ilirudishwa katika nakala ya 20, kisha ikaanguka tena katika nakala ya 40, yeye akifungua nakala ya 32 ataikuta herufi ipo, naye ataamini kwamba nakala zote za nyuma ni salama. Ataikamata nakala ya 40, nayo kweli ina kosa, lakini wale waliodhulumiwa kabla ya nakala ya 20 hatawaona. Chombo hakina namna ya kumwonya. Chajua yale tu aliyokijibu.

KUMBUKUMBU ZA MATOLEO

Mtu hawezi kugawa nusu kitu asichokuwa nacho. Kwa hiyo kabla ya kuwako chombo cha kutafuta, ilibidi iwepo hazina yenye kuhifadhi kila toleo la programu. Mwaka 1972 Marc Rochkind, aliyefanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, alianza kuunda mfumo ulioitwa SCCS, uliohifadhi mabadiliko ya kila faili. Mwaka 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa mfumo wa RCS, uliohifadhi toleo la mwisho zima zima na kuyaweka ya nyuma kama tofauti tu, ili lile linalohitajiwa mara nyingi lipatikane upesi. Juu ya msingi huo ulijengwa mfumo wa CVS, ulioanzishwa na Dick Grune mwaka 1986, nao ulitumika sana katika miaka ya 1990.

Mifumo hiyo ilikuwa na upungufu mmoja unaotuhusu. Kila faili ilikuwa na historia yake peke yake. Ni kama ofisi ambamo kila ukurasa wa kanuni unapewa namba yake ya nakala, ukurasa wa tatu ukiwa umefika nakala ya 17 na ukurasa wa nne nakala ya 5, bila ya daftari linaloonyesha ni kurasa zipi zilizokuwa pamoja siku fulani. Katika ofisi ya namna hiyo, kuuliza "nakala ya katikati ni ipi?" ni kuuliza swali lisilo na jibu, isipokuwa kwa kubahatisha tarehe.

Hata hivyo watu waligawa nusu kwa mikono. Katika maelezo yaliyofuatana na programu ya Linux kulikuwa na waraka mfupi wa kuwinda hitilafu ulioandikwa na Larry McVoy mwezi Machi 1996. Humo alimweleza mtu asiyejua chochote juu ya undani wa Linux jinsi ya kufanya: akusanye matoleo yote tangu lile lililofanya kazi hadi lile lililokataa. Kwa mfano, kama toleo 1.3.28 lilikuwa salama na 1.3.69 lina hitilafu, ajenge toleo la katikati, kama 1.3.50, alijaribu, kisha aamue aende upande gani. Waraka huo ulikiri kwamba hiyo ni njia ya kutumia nguvu. Lakini ulikuwa na fadhila kubwa: ulimpa mtumiaji wa kawaida nafasi ya kusaidia kutafuta, bila ya kumtaka awe fundi.

Mwaka 1997 Brian Ness na Viet Ngo walieleza jinsi njia hiyo hiyo ilivyotumika kwa utaratibu katika kazi ya kampuni ya Cray. Na mwaka 1999 Mjerumani Andreas Zeller alitoa makala ambayo mpenzi yeyote wa istilahi anapaswa kuyajua. Programu moja iitwayo DDD ilitegemea nyingine iitwayo GDB. GDB ilipotoka toleo la 4.16 kwenda la 4.17, DDD ilishindwa kuipa programu inayochunguzwa hoja zake za kuanzia. Baina ya matoleo hayo mawili ilibadilishwa mistari 178,000. Zeller aliiacha mashine igawe na kujaribu yenyewe, nayo ikarudi na badiliko moja tu: katika sentensi moja ya maelezo, mahali palipoandikwa "hoja" pameandikwa "orodha ya hoja". DDD ilikuwa ikisoma sentensi hiyo na kulitafuta neno lile la zamani. Mtu fulani alisahihisha lugha, bila shaka kwa nia njema, na kumbe neno lile lilikuwa limeshikilia kitu asichokiona.

AMRI YA KUGAWA NUSU

Mwaka 2005 ulileta mageuzi. Waandishi wa Linux walikuwa wakitumia mfumo wa BitKeeper, ambao ulikuwa wa kampuni ya yule yule McVoy aliyeandika waraka wa mwaka 1996. Ruhusa ya kuutumia bila malipo ilipoondolewa, Linus Torvalds alianza kuandika mfumo mpya mwezi Aprili, akauita Git. Katika mfumo huu badiliko moja ni picha ya programu nzima, yenye jina lake na yenye kumtaja mzazi wake. Swali la "toleo la katikati ni lipi?" sasa lilikuwa na jibu, na katikati ya mwaka ule ule Torvalds aliongeza uwezo wa kulihesabu. Muda mfupi baadaye ikawako amri kamili ya kugawa nusu, iliyopewa jina la Kiingereza lenye asili ya Kilatini, maana yake kukata vipande viwili. Uangalizi wa Git ulipopita mikononi mwa Junio Hamano mwezi Julai 2005, amri hiyo ilikuwa tayari imeanza kutengenezwa.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kwamba historia ya programu si mstari. Watu wengi hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja katika tawi lake, kisha matawi huunganishwa. Katikati ya mti ni wapi? Jibu la Git ni hili: kwa kila badiliko linaloshukiwa huhesabiwa ni mangapi yaliyomo katika ukoo wake, pamoja na lenyewe, na ni mangapi yaliyo nje, huchukuliwa ile idadi iliyo ndogo kati ya hizo mbili, kisha huchaguliwa badiliko ambalo idadi yake ndogo ni kubwa kuliko za wenzake. Kwa lugha nyepesi, huchaguliwa mahali ambapo jibu lolote litakalotolewa, liwe hili au lile, litapunguza washukiwa wengi iwezekanavyo.

Ugumu wa pili ulikuwa uchovu. Kujenga na kujaribu toleo moja la programu kubwa kwaweza kuchukua saa nzima, na mtu aliyejaribu matoleo manane usiku huweza kujibu kinyume katika la tisa. Mwaka 2007 Christian Couder aliongeza uwezo wa kuiachia mashine kazi hiyo. Mtumiaji anaandika jaribio lake mara moja, na jaribio linatoa jibu kwa namba: 0 ikiwa toleo ni salama, na namba yoyote kuanzia 1 hadi 127 ikiwa lina hitilafu, isipokuwa 125. Namba zaidi ya hapo husimamisha kazi yote.

Namba hiyo 125 inastahili kutuzuia kidogo, kwa sababu ni neno. Katika historia ndefu ya programu yapo matoleo yasiyojengeka kabisa, kwa makosa yasiyohusiana na hitilafu inayotafutwa. Mtu akiulizwa kama toleo la namna hiyo lina hitilafu, jibu la kweli ni "sijui". Lakini mwanzoni amri ilijua majibu mawili tu. Mwenye haraka alichagua moja, na akikosea, chombo kilimpeleka kwa utii kamili hadi kwenye badiliko lisilo na hatia. Mwaka ule ule wa 2007 likaongezwa jibu la tatu, la "ruka", na 125 ndiyo namba yake. Ilichaguliwa hiyo kwa kuwa ndiyo kubwa inayofaa. 126 na 127 zilikwisha kupewa maana nyingine katika mifumo ya kompyuta. Tangu hapo, ikiwa matoleo yaliyobaki yote yamerukwa, chombo hakimtaji mkosaji mmoja. Hutoa orodha ya wanaoweza kuwa, na kukiri kwamba hakiwezi kwenda mbele zaidi.

Hata hilo lilihitaji kutengenezwa. Matoleo yasiyojengeka aghalabu huwa yamefuatana. Mtu akiruka moja, chombo kilimpa lililo jirani nalo, na hilo nalo lilikuwa bovu kwa sababu ile ile, akawa kama msafiri aliyeambiwa daraja limevunjika naye akaelekezwa ubao wa pili wa daraja lilo hilo. Mwaka 2009 Couder alibadilisha hesabu ili baada ya kuruka, chombo kichague mahali palipo mbali kidogo kwa namna ya bahati nasibu. Na mwezi Oktoba 2020, katika toleo la 2.29, amri iliruhusiwa kufuata shina peke yake bila ya kuingia matawini, jambo lifaalo pale ambapo watu hutaka kujua ni muungano upi ulioleta hitilafu, wala si hatua ipi ndogo ndani ya tawi.

ZURI NA BAYA

Tumefika sasa kwenye kiini cha makala haya. Tangu mwaka 2005 mtumiaji alikijibu chombo kwa maneno mawili ya Kiingereza: lenye maana ya "zuri" kwa toleo lisilo na hitilafu, na lenye maana ya "baya" kwa toleo lenye hitilafu. Maneno hayo ni mafupi, yanajulikana na kila mtu, wala hayafanani. Kwa nini basi yalilalamikiwa?

Yalilalamikiwa kwa sababu yalitaja hukumu, na chombo hakihukumu. Chombo hutafuta mahali ambapo hali moja ilikwisha na nyingine ikaanza. Maadamu mtu anawinda hitilafu iliyoingia, hukumu na mpangilio wa wakati huenda pamoja: zuri lilitangulia, baya likafuata. Lakini kuna siku mtu hutaka kujua hitilafu iliondolewa lini, ili marekebisho yale yale apelekewe mtu mwingine anayetumia toleo la zamani. Hapo mambo hupinduka. Toleo lililotangulia ndilo lenye hitilafu, na lililofuata ndilo salama. Kwa kuwa chombo kilijua tu kwamba "zuri" hutangulia, ilimpasa mtu huyo kusema "zuri" kila alipoona hitilafu, na "baya" kila alipoona mambo ni shwari. Mtu atasema uongo mara kumi na tatu mfululizo bila ya kukosea hata mara moja? Kosa moja latosha kumtia hatiani asiyehusika.

Tena yako mabadiliko yasiyo mazuri wala mabaya. Programu ilikuwa ikifanya kazi upesi, sasa inafanya polepole. Ilikuwa ikiandika tarehe kwa namna moja, sasa inaandika kwa nyingine. Kuyaita haya mabaya ni kumhukumu aliyeyafanya kabla ya kujua sababu zake. Jambo hili si la Git peke yake. Katika mfumo wa Subversion, ambao toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2004, kuna amri inayoonyesha ni nani aliyeandika kila mstari, na jina lake lina maana ya "lawama". Waliouunda waliipa amri hiyo hiyo jina la pili lenye maana ya "sifa", na jingine lenye maana ya kuweka maelezo pembeni. Ulikuwa utani, lakini utani uliofundisha kwamba tendo ni moja, na kwamba jina ndilo linaloleta ugomvi au amani.

Kwa upande wa kugawa nusu, majadiliano yalichukua miaka mingi. Mwishowe, katika toleo la 2.7 la mwezi Januari 2016, yalikubaliwa maneno mawili mapya yenye maana ya "la zamani" na "jipya", pamoja na ruhusa kwa kila mtumiaji kuchagua maneno yake mwenyewe, kwa mfano "upesi" na "polepole". Yaliwekwa pia masharti mawili ambayo mwanakamati yeyote wa istilahi atayatambua. Kwanza, jozi mbili haziwezi kuchanganywa katika kazi moja: aliyeanza na "zamani" na "jipya" asimalizie na "zuri" na "baya". Pili, neno lililokwisha kupewa kazi nyingine katika amri hiyo haliruhusiwi kuchaguliwa. Na kwa msahaulifu iliwekwa amri ndogo ya kumkumbusha ni maneno gani aliyoyachagua. Kwa maneno mengine, chombo kilipewa faharasa yake.

UPANDE WA KISWAHILI

Watafsiri wetu wana bahati ya kuja nyuma, kwa hiyo hawana haja ya kupita kila shimo. Tunatoa mapendekezo yafuatayo.

1. Tendo lenyewe liitwe "kugawa nusu". Ni maneno yanayoeleweka na mtoto wa shule, nayo yanaeleza kinachofanyika.

2. Hazina ya mabadiliko iitwe "hazina", na kila kilichowekwa humo kiitwe "badiliko". Neno "toleo" libaki kwa hali ya programu nzima baada ya badiliko fulani. Kuyachanganya haya mawili ni kuchanganya barua na jalada.

3. Jibu la tatu liitwe "ruka". Lisiachwe katika tafsiri kwa kudhaniwa kuwa ni la ziada, kwani ndilo linalomwezesha mtu kutosema asilolijua.

4. Yale majibu mawili ya msingi yanahitaji kufikiriwa zaidi. "Zuri" na "baya" tumekwisha kuyaona. Wako watakaopenda "zima" na "bovu", nayo ni Kiswahili safi. Lakini "toleo zima" kwa msomaji wetu lina maana ya toleo lote, na mkanganyo utaanzia hapo. "La zamani" na "jipya" ni bora, ila yana mtego wake: katika historia yenye matawi, badiliko lililofanywa jana laweza kuwa upande wa "zamani", kwa sababu tawi lake bado halijapokea kile kinachotafutwa.

Tulifikiria pia "lina" na "halina". Kiswahili chaweza kuuliza "Je, lina?" na kujibiwa kwa neno moja lililotimia, jambo ambalo lugha nyingi haziwezi. Kwa maana, hakuna jozi iliyo sahihi kuliko hii, kwani haihukumu wala haitaji tarehe. Lakini tofauti yake ni silabi moja tu mwanzoni mwa neno. Tumeanza makala haya na herufi moja iliyoanguka kutoka katika "hataruhusiwa", na hatuwezi kumkabidhi mtu aliyechoka usiku wa manane maneno yenye ugonjwa huo huo.

Kwa hiyo tunapendekeza "kabla" na "baada". Hayafanani kwa sura wala kwa sauti, hayamsifu wala kumlaumu mtu, nayo yanafaa iwapo hitilafu imeingia au imetoka. Maelezo ya amri yaseme wazi kwamba ni kabla na baada ya jambo linalotafutwa, wala si ya tarehe ya kalenda.

HITIMISHO

Historia tuliyoieleza ina sura mbili. Moja ni ya hesabu, nayo ni fupi: nusu, na nusu ya nusu, hadi kufika kwenye kimoja. Ya pili ni ya maneno, nayo iliwachukua watu hodari zaidi ya miaka 10. Katika sura hiyo ya pili chombo kilipata neno la kutojua, kikaacha kumlazimisha mtu aseme kinyume cha aonacho, na kikatenganisha swali la "lini?" na swali la "nani alaumiwe?".

Jambo hili la mwisho ndilo tungependa watumishi wa ofisi na walimu walichukue, hata wale ambao hawatagusa programu maisha yao yote. Karani aliyepata nakala yenye kosa hajampata mkosaji. Amepata siku, na kutoka siku hiyo aweza kuwaita waombaji waliodhulumiwa na kuwarudishia haki yao. Pengine aliyepiga chapa nakala ile alipewa mswada uliokwisha kuchanika pembeni. Akiitwa kwa upole ataeleza, na mswada mwingine wenye ila kama hiyo utagunduliwa mapema. Akiitwa kwa neno la hukumu, atanyamaza.

Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, hasa wale ambao wamekwisha kuyatumia maneno mengine katika kazi zao. Na kama neno tulilolichagua litaonekana lina ila, tutafurahi kuonyeshwa lilianza kupotoka wapi.